Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mbio za Travers: udongo upimwe, vifundo vipigwe picha

Kwa Rais na Bodi ya New York Racing Association (NYRA). Kwa uongozi wa HISA, mamlaka ya kitaifa ya usalama wa mbio za farasi Marekani, Lexington, Kentucky. Kwa Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Jimbo la New York.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu. Tunaoandika ni wafuatiliaji wa mbio za farasi tunaozungumza Kiswahili. Wengine tuko Nairobi, ambako farasi hukimbia kwenye nyasi za Ngong; wengine tuko Dubai na Muscat; wengine tuko Marekani kwenyewe. Geti la mbio za Travers linapofunguliwa jioni pale Saratoga, jimbo la New York, Afrika Mashariki inakaribia saa saba usiku, na bado watu hukesha. Nakala ya Kiingereza mtaipata kivyake. Hii ya Kiswahili ni kwa ajili ya wenzetu, wajue tunaomba nini na watupinge pale watakapoona tumekosea.

Ombi lenyewe ni hili: siku ya Travers farasi asiingie getini mpaka vitu viwili viwe vimepimwa kwa vifaa na si kwa macho tu, yaani mifupa ya vifundo vyake na udongo atakaoukanyaga. Vipimo vya udongo viwekwe hadharani siku ileile. Vya mifupa vibaki kwa madaktari, umma uambiwe tu kwamba farasi amepita au hakupita.

Kwa msomaji asiyezijua mbio hizi, Travers zilianza 1864, mwaka uleule uwanja wa sasa wa Saratoga ulipofunguliwa, na mshindi wa kwanza aliitwa Kentucky, farasi ambaye William R. Travers mwenyewe alikuwa mmoja wa wamiliki wake. Ni kongwe kuliko Belmont Stakes (1867) na Kentucky Derby (1875). Hukimbiwa mwishoni mwa Agosti na farasi wa miaka mitatu pekee, kwenye udongo, umbali wa maili moja na robo, sawa na mita 2,012, umbali ambao haujabadilika tangu 1904. Dume hubeba pauni 126, kama kilo 57, na jike pauni 121. Kitita ni dola milioni 1.25. Mtumbwi ulio kwenye ziwa dogo katikati ya uwanja hupakwa rangi za mwenye farasi aliyeshinda na hukaa hivyo mwaka mzima.

Saratoga ina sifa ya kuwaangusha wakubwa. Mwaka 1930 Jim Dandy, aliyepewa nafasi ya mia kwa moja, alimshinda Gallant Fox aliyekuwa ametoka kutwaa mataji yote matatu makubwa, yaani Kentucky Derby, Preakness na Belmont. Mwaka 2015 American Pharoah naye, akiwa na mataji yake matatu, alipitwa na Keen Ice. Ndiyo maana wachezaji kamari wameubatiza uwanja huo makaburi ya vipenzi. Ulikuwa utani. Mwaka 2023 haukuchekesha tena.

Tarehe 5 Agosti 2023 Maple Leaf Mel, jike wa miaka mitatu ambaye hakuwa amewahi kushindwa, alikuwa anaongoza mbio za Test Stakes akavunjika mguu hatua chache kabla ya mstari wa mwisho. Tarehe 26 Agosti, siku ya Travers yenyewe, New York Thunder, naye hajawahi kushindwa, alikuwa mbele kwa mbali katika mbio za H. Allen Jerkens, akavunjika vilevile, karibu palepale. Wote wawili waliuawa kwa sindano mbele ya umati uliokuwa umeanza kushangilia. Wote walikuwa na miaka mitatu, wote walikimbia mita 1,408 kwenye udongo, na wote walivunjika mguu wa mbele, mwishoni, wakiwa kasi kamili. Hatudai kwamba udongo ndio uliowavunja. Tunadai kwamba mwenye kutaka kujua, kwa kutumia yale yaliyowekwa wazi siku zile, hakuwa na namna ya kujua.

Tukianza na mifupa. Mshindi wa Travers hukimbia kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa. Arrogate alipoweka rekodi ya uwanja mwaka 2016, dakika 1 na sekunde 59.36, wastani wake ulizidi hapo kidogo. Kwa hatua moja kiasi cha mita 7, umbali mzima ni hatua zinazokaribia 290. Katika kila hatua kuna nukta ambapo mguu mmoja tu wa mbele ndio uko chini, na nukta hiyo mguu unabeba uzito unaofika mara mbili na nusu ya uzito wa mnyama. Farasi wa kilo 500 anaweka zaidi ya tani moja juu ya kifundo kisichozidi ngumi mbili za mtu mzima kwa ukubwa. Kifundo hicho, kilicho juu tu ya kwato, hulala hadi karibu kigusane na ardhi, kisha hurudi. Nyuma yake kuna vijifupa viwili vya sesamoidi vinavyoshikilia kano kama kapi inavyoshikilia kamba. Juu yake ni ncha ya mfupa wa muundi. Ajali nyingi mbaya za viwanjani hutokea katika eneo hilo hilo.

Jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui ni kwamba mfupa huo mara nyingi hauvunjiki kwa bahati mbaya ya siku moja. Wapasuaji wa mizoga katika nchi kadhaa wameona jambo lilelile kwa miaka mingi: kwenye farasi wengi waliovunjika, pembeni ya ufa mpya kuna dalili za uchakavu wa zamani. Kasi huulazimisha mfupa ujiimarishe. Unakuwa mzito na mgumu sehemu inayopigwa sana. Lakini ugumu ukizidi, nyufa ndogo huanza. Mwili huziba nyufa hizo kwa kwanza kuchimba mfupa uliochoka, halafu kujaza mpya. Kuchimba ni haraka, kujaza ni polepole, huchukua miezi. Kwa hiyo kuna kipindi ambapo farasi aliyepumzishwa vizuri, akirudishwa mbio kwa pupa, mfupa wake una vishimo vingi kuliko kabla hajapumzika. Mwalimu wa farasi akisema "amepumzika miezi miwili, yuko freshi", huenda anasema kweli kuhusu misuli na mapafu, na huenda anakosea kuhusu muundi.

Sasa tazameni kalenda ya farasi wa Travers. Mbio za maandalizi Februari hadi Aprili, Kentucky Derby Jumamosi ya kwanza ya Mei, Preakness au Belmont kwa wanaothubutu, kisha Haskell kule Monmouth Park mwezi Julai au mbio zenye jina la yule Jim Dandy hapo Saratoga, wiki nne hivi kabla ya siku yenyewe. Kati ya hizo kuna mazoezi ya kasi karibu kila wiki. Kwa sheria za michezo hii farasi wote wa kaskazini ya dunia hutimiza mwaka tarehe 1 Januari, kwa hiyo aliyezaliwa Mei anahesabiwa sawa na aliyezaliwa Februari. Mfupa haujui kalenda hiyo.

Asubuhi ya mbio madaktari wenu hupita mabandani. Humpapasa farasi miguu, hukunja kifundo, humtazama akikimbizwa polepole kwa kamba. Kazi hiyo tunaiheshimu na iendelee. Ila ina kikomo kinachojulikana. Farasi anayeumwa mguu mmoja wa mbele huinua kichwa mguu huo unapokanyaga na kukishusha mguu mzima unapotua, na daktari mzoefu hulikamata hilo mara moja. Anayeumwa miguu yote miwili ya mbele kwa usawa hainui kichwa. Anafupisha hatua tu, kwa sentimita chache. Asiyemjua hataona. Saisi anayemtembeza kila siku anaweza kuona, lakini nani anamuuliza saisi? Tungependa swali hilo liwe kwenye fomu yenu: mtunza farasi aulizwe faragha, na jibu lake liandikwe bila jina lake kupelekwa kwa mwajiri.

Picha ya eksirei nayo huchelewa. Mpaka ufa uonekane wazi, kazi imeshaharibika. Inayowahi ni picha ya PET. Farasi hudungwa dawa yenye mionzi hafifu, husubiri dawa ijishike kwenye mfupa unaojitengeneza kwa nguvu, hupewa dawa ya kumtuliza, kisha husimama huku mguu ukiwa ndani ya duara la mashine. Hakuna kulazwa wala nusukaputi. Kila kifundo huchukua dakika chache. Mionzi ya dawa hupungua kwa nusu kila dakika 110, hivyo farasi akikaa chumba chake peke yake hadi kesho yake, shughuli imekwisha. Uwanja wa Santa Anita kule California ulitangulia kuweka mashine ya kumpiga farasi picha akiwa amesimama, mwishoni mwa 2019, baada ya msimu ambao farasi karibu 30 walikufa na uwanja ukafungwa kwa muda mwezi Machi. Teknolojia hii si ngeni kwenu hata kidogo.

Tunachopendekeza kwa Travers, na kwa Alabama ambayo majike wa miaka mitatu huikimbia kwa umbali huohuo, ni kwamba kila farasi atakayeandikishwa apigwe PET vifundo vyote viwili vya mbele kati ya siku ya 14 na ya 10 kabla ya mbio. Kwa nini dirisha hilo? Mkipiga mapema zaidi, Jim Dandy au Haskell bado hazijaacha alama zake. Mkipiga wiki ya mwisho, hakuna nafasi ya kurudia kwa picha za aina nyingine, MRI au CT, pale picha inapotia shaka, na mwenye farasi ameshanunua tiketi za ndege za ukoo mzima. Katika siku ya kumi bado anaweza kujitoa bila kelele.

Picha zisomwe na madaktari watatu, wawili kati yao wasiwe wanalipwa na mwenye farasi wala mwalimu wake. Si kila doa linalong'aa ni ugonjwa. Farasi anayefanya mazoezi ya kasi lazima mfupa wake ung'ae kiasi, na anayesoma bila kujua hilo atawatoa nusu ya washiriki bure. Wanachotafuta ni doa kali upande wa nyuma wa ncha ya muundi, au ndani ya kijifupa cha sesamoidi, hasa likiwa mguu mmoja tu. Jibu liwe mojawapo kati ya matatu: apite, arudiwe kwa kipimo cha pili, au apumzishwe. Jopo hilo lipewe pia kumbukumbu za sindano za viungo za siku 60. Kanuni ya HISA inakataza kumdunga farasi dawa za kotikosteroidi, za kupunguza uvimbe na maumivu, kwenye kiungo ndani ya siku 14 kabla ya mbio na siku 7 kabla ya mazoezi ya kasi, na ni kanuni nzuri. Lakini kiungo kilichodungwa siku ya 16 kinaruhusiwa na bado kinasimulia kitu, hasa kama ni kilekile kilichodungwa mwezi uliotangulia.

Tunajua pingamizi litakalokuja kwanza: wenye farasi wataenda kwingine. Waangalieni Waaustralia. Anthony Van Dyck alipovunjika na kufa katika Melbourne Cup ya 2020, wakuu wa mbio wa Victoria waliweka sharti la picha za CT za miguu kabla ya kukimbia, na kwa wageni kutoka ng'ambo wakaongeza vipimo hata kabla ya kupanda ndege. Wapo waliolalamika, wapo waliobaki kwao. Mbio bado zinakimbiwa, na hazijapoteza jina lao. Pingamizi la pili ni gharama. NYRA ilipe. Katika mbio zenye kitita cha dola milioni 1.25, bili ya picha za farasi kumi haiwezi kuwa kizuizi, na mwenye farasi asipewe sababu ya kusema kipimo kimemtia hasara.

La tatu ni la kweli zaidi, nalo ni uchache wa washiriki. Travers ya 2025 ilikuwa na farasi watano tu. Sovereignty wa zizi la Godolphin, ambaye alikuwa ameshinda Derby na Belmont, aliwaacha wenzake kwa urefu wa farasi kumi. Mtu ataogopa kwamba kipimo kitaibakisha na watatu. Sisi tunaona kinyume. Waalimu wa siku hizi wanawapumzisha farasi wao muda mrefu zaidi kati ya mbio kwa sababu wanaogopa wasichokiona. Wakikiona, baadhi yao watathubutu. Kinachotutia wasiwasi ni dawa nyingine ambayo viwanja hupenda kuitumia, yaani kuongeza bonasi kwa farasi aliyekimbia mbio fulani na fulani kabla ya ile kubwa. Bonasi ya namna hiyo ni kumlipa mtu amrudishe farasi aliyechoka. Msiitumie kwa Travers.

Hapa tuseme pia juu ya vile vijidude vya kupima mwendo vinavyowekwa kwenye kitambaa chini ya tandiko. Vina faida kubwa kwa sababu vinaona kila hatua katika kasi ambayo jicho haliwezi. Kasoro yake ni kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Lazima uwe na mwendo wa farasi yuleyule wa miezi iliyopita ili ulinganishe. Kwa hiyo anayetaka kuvitumia Agosti aanze Machi. Mbio zote za maandalizi zenye hadhi ziwe na kifaa hicho, na kumbukumbu zimfuate farasi kutoka jimbo hadi jimbo, maana HISA iliundwa hasa kwa ajili ya mambo yanayovuka mipaka ya majimbo.

Sasa udongo, ambao ndio unaozungumzwa sana na kupimwa kidogo mbele ya watu.

Njia kuu ya Saratoga ina mzunguko wa maili moja na moja ya nane, mita 1,811. Kwa kuwa Travers ni maili moja na robo, geti huwekwa kwenye mnyoofu wa mwisho, mita 200 kabla ya mstari. Farasi hupita mbele ya jukwaa, huzunguka njia nzima, na kumalizia palepale. Maana yake mita zile 200 za mwisho zinakanyagwa mara mbili katika mbio moja, na ndizo zinazokanyagwa zikiwa na farasi waliochoka. Farasi mzima hukata kona kwa kutanguliza mguu wa kushoto, akifika mnyoofu hubadili akatanguliza wa kulia ili ule wa kushoto upumue. Aliyechoka au anayeumwa hukataa kubadili. Kama kuna sehemu moja ya uwanja inayostahili kupimwa kwa rula kabla ya kila mbio, ni hiyo.

Njia ya udongo ni mchanganyiko wa mchanga, udongo wa mfinyanzi na mashapo laini, uliotandazwa juu ya msingi mgumu. Sehemu ya juu iliyolegea, ile inayopokea kwato, kwa viwanja vya Marekani kwa kawaida huwa inchi tatu na nusu hadi nne, karibu sentimita 9 hadi 10. Udongo wa mfinyanzi ndio unaoshikamanisha mchanga, na maji ndiyo yanayoufanya ufanye kazi. Udongo mkavu hukimbia chini ya kwato, mguu ukateleza mbele. Udongo uliolowa kiasi hushika vizuri. Ukizidi kulowa kisha ukashindiliwa, hugeuka sakafu. Kwa kuwa njia imeinamia ndani, kila mvua hubeba chembe laini na kuzishusha kuelekea uzio wa ndani. Baada ya wiki kadhaa pale ndani pana udongo tofauti na wa katikati, hata kama kwa macho rangi ni moja. Joki hujua, ndiyo maana siku nyingine wote hukimbia mbali na uzio.

Kazi ya kuutunza ni ya haro, yaani reki kubwa ya kukokotwa na trekta, na boza. Kati ya mbio na mbio matrekta hupita yakipiga haro ili kulegeza na kusawazisha, boza hufuata na maji. Mtu anayeona boza likizunguka anaweza kudhani ni kuzuia vumbi tu. Hebu tupige hesabu: kutandaza milimita 2 tu za maji kwenye mita 1,811 kwa upana wa mita 20 kunahitaji lita 72,000 na zaidi. Boza likienda haraka kidogo kwenye kona na polepole kwenye mnyoofu, au likaanza kumwaga kabla halijashika mwendo, tayari kuna sehemu imepata mara mbili ya nyingine. Jua la Agosti likiongezwa, upande ulio kivulini na ulio juani hukauka kwa saa tofauti. Farasi anayekimbia mita 17 kwa sekunde hupita kutoka udongo mmoja hadi mwingine ndani ya hatua mbili, na kifundo hakina muda wa kujipanga upya.

Mvua ikitabiriwa mafundi hufanya kinyume: hushindilia uso kwa ubao mzito au rola ili maji yateremke badala ya kuzama. Ni hatua sahihi kwa mvua. Hatari yake huja pale mvua isiponyesha, au ikinyesha robo saa ikaacha. Uso ulioshindiliwa ukikauka bila kufunguliwa ni mgumu kuliko udongo wa kawaida. Ukifunguliwa mapema mno, juu kunalegea na chini kunabaki na tabaka gumu lenye kina kisicho sawa. Uamuzi wa saa ngapi kufungua hufanywa na mtu mmoja mwenye uzoefu, akiwa na rais wa uwanja upande mmoja wa simu na televisheni upande wa pili. Hatumlaumu. Tunataka awe na namba za kumkinga.

Kwa hiyo tunaomba siku ya Travers vipimo vya kina na unyevu vichukuliwe katika kila robo maili, na zaidi ya hapo katika mita 200 za mwisho kila mita 50, mara zote katika sehemu mbili: karibu na uzio na katikati ya njia. Vichukuliwe asubuhi kabla ya mazoezi, adhuhuri, na mara ya mwisho baada ya haro ya kabla ya Travers. Vibandikwe hapo hapo, namba tupu, bila maneno ya kupamba. Neno "njia ni ya kasi" linamsaidia mcheza kamari. Halimwambii daktari kitu. Zile mashine za kwato za bandia na rada ya kuangalia msingi, zinazotumika kukagua njia kabla ya msimu, zirudishwe pia wiki ya Travers, maana kufikia wakati huo njia imeshapigwa kwa wiki nyingi. Na kuanzia 2024, uwanja wa Belmont Park ulipokuwa ukijengwa upya, Belmont Stakes zilihamishiwa Saratoga mwezi Juni kwa maili moja na robo. Njia ikaongezewa mzigo mwanzoni mwa msimu. Ratiba ya ukaguzi wake nayo ingepaswa kuongezwa.

Halafu iandikwe kanuni ya kuahirisha, kabla ya Agosti, wakati hakuna anayejua ni farasi gani atanufaika. Sisi tunapendekeza kwamba kama kina kinatofautiana kwa zaidi ya nusu inchi kati ya vituo viwili vinavyofuatana, na haro ya pili haikurekebisha, mbio zisogezwe. Namba hiyo wataalamu wenu wanaweza kuibadilisha. Isiyobadilika ni kwamba iwepo na isomeke. Msiseme haiwezekani. Julai 2019 nyinyi wenyewe mlifuta siku nzima ya Jumamosi hapo Saratoga kwa sababu ya joto, na siku ileile Monmouth waliisogeza Haskell hadi saa mbili usiku. Watu walinung'unika, wakarudi.

Kuna watakaotuuliza kwa nini hatuombi Travers ihamie njia ya bandia, ile ya mchanga uliochanganywa na nyuzi, vipande vya mpira na nta. Takwimu zinaipendelea: mwaka 2023, kwa kila mara 1,000 farasi walipoanza mbio Marekani, vifo vilikuwa 1.43 kwenye udongo, 1.13 kwenye nyasi na 0.97 kwenye njia za bandia. Lakini California ililazimisha njia hizo kuanzia 2006, na Santa Anita ikashindwa na maji yaliyokataa kupita chini, hadi mwaka 2010 ikarudi kwenye udongo. Njia ya bandia isiyopimwa ni hatari kama udongo usiopimwa. Kwa mazoezi ya kila siku, hasa asubuhi za mvua, tunaiunga mkono bila kusita. Belmont mpya imepangiwa njia ya aina hiyo. Travers yenyewe ibaki kwenye udongo wake.

Hatupuuzi yaliyokwisha kufanyika. Mwaka 2009 takwimu za kitaifa zilipoanza kukusanywa, vifo vilikuwa 2.00 kwa kila mianzo 1,000. Mwaka 2024, kwenye viwanja vilivyo chini ya HISA, vilishuka hadi 0.90. Joki sasa anaruhusiwa kupiga mjeledi mara sita tu, na dawa ya kukojoza ya furosemidi haitolewi tena ndani ya saa 48 kabla ya mbio za hadhi. Upungufu huo umetokana na kupima, kuandika na kulazimisha. Ndiyo maana tunaona ajabu kwamba mbio zinazotazamwa kuliko zote za Agosti ziendeshwe kwa kiwango kilekile cha Jumatano ya kawaida.

La mwisho ni mamlaka ya daktari. Mongolian Groom alipovunjika katika Breeders' Cup Classic ya 2019, uchunguzi ulioagizwa na waandaaji wenyewe ulionyesha kwamba dalili ndogo zilikuwepo siku zilizotangulia na nafasi za kumtoa zikapita. Daktari wa uwanja anayemtoa farasi mwenye bei kubwa asubuhi ya Travers anahitaji kujua kwamba hakuna simu itakayopigwa kumbembeleza. Tunaomba iwe marufuku, kwa maandishi na kwa adhabu, kwa mwenye farasi, mwalimu wake, au ofisa yeyote wa uwanja kuzungumza na daktari huyo kuhusu farasi aliye katika orodha yake kuanzia siku ya kupanga mageti hadi mbio zimalizike. Mawasiliano yote yapitie kwa waamuzi na yarekodiwe.

Tunaomba majibu yenu yatolewe kabla ya kufunguliwa kwa uandikishaji wa Travers zijazo: lipi mmelikubali, lipi mmelikataa na kwa sababu gani, na nani atahusika na kila moja kwa cheo chake. Pale mtakaposema jambo halitekelezeki, tuonyesheni kipimo mlichotumia.

Wenu katika mchezo,

Wafuatiliaji wa mbio za farasi wazungumzao Kiswahili